Ombi Lililoganda Kwenye Kioo

Gi-tae, uko wapi? Usinipigie. Niko kwenye treni, Meneja Pyo kakaa ubavuni kwangu.

Leo tulienda Asan, kwenye kampuni inayotengeneza vioo vya simu, kulalamika. Si unajua tunashindana nao kuuza simu, halafu vioo tunanunua kwao hao hao? Lalamiko letu: picha ikikaa sana, inaganda kwenye kioo, haitoki tena.

Mkurugenzi wao, mama mmoja anaitwa Ok, akasema, "Vioo vyetu havina tatizo hilo. Nionyesheni."

Meneja akanigeukia. "Tak, toa simu yako. Si ulisema yako imeharibika?"

Nilisema. Mdomo wangu huu.

Wakaiweka chini ya kamera, ikatokea ukutani, kubwa kama mlango wa gereji. Wakawasha rangi nyeupe tupu. Watu kumi na wawili wakasoma. Juu, jina la kampuni yao. Chini yake: OMBI LAKO LA KAZI LINASHUGHULIKIWA.

Miezi minane nimeuacha ukurasa ule wazi, Gi-tae. Miezi minane! Na wewe ndiye uliyesema nisiufunge, watajibu wakati wowote.

Meneja Pyo akanywa kahawa yake.

Mama Ok akavaa miwani, akasoma tena, kwa sauti. "Kweli, imeganda. Tutawabadilishia."

Halafu akaniinamia, kwa adabu kabisa: "Nafasi hiyo ilijazwa Machi."

Meneja anaangalia dirishani toka tuondoke Asan. Nami nakuandikia kwa simu hiyo hiyo, na nyuma ya maneno haya bado naambiwa ombi langu linashughulikiwa.