Nyumba ya Urithi Isiyogongwa Msumari

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya tarehe 26 Julai, maana siku hiyo ikipita mama yangu mwenye miaka sabini na minne atatolewa katika nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi, na aliyesababisha ni mimi, na hakuna anayejua ila mtu mmoja ambaye tumekwisha kumfukuza.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, natunza stoo ya shule moja hapa Tanga, niliachika, naishi na mama mtaani Mabawa. Tangu kidato cha pili naandika daftari langu la kila siku, kwa hiyo tarehe ninazokupa ni za kweli. Majina tu ndiyo nimeyabadilisha.

Baba alifariki mwaka 2011 akaacha nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na choo uani, na mirathi haijafunguliwa mpaka leo kwa sababu kila mmoja wetu aliogopa kuonekana ana haraka. Tuko wanne: kaka mkubwa Uweso, kaka wa pili Yasini, dada Sabra aliyeolewa Maramba, na mimi wa mwisho. Kwetu sisi, na sidhani ni kwetu tu, nyumba ya urithi ambayo haijagawanywa haiguswi, maana mrithi akigonga msumari anaonekana anajimilikisha. Mwaka 2016 Yasini alibadilisha mabati matatu juu ya chumba alichokuwa akilala na watoto wake, Uweso akaja akasimama uani akasema majirani wakisikia, "Leo bati, kesho hati," na Yasini alipanda juu akayang'oa mabati yake yote matatu, akayafunga kamba, akahama nayo Muheza, na chumba kile tangu siku hiyo kinaona mbingu.

Chumba kimoja tu hakivuji, cha mbele, cha mpangaji wetu Mzee Zebedayo, fundi cherehani, Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, ambaye baba mwenyewe alimkaribisha mwaka 2010, na yeye kila kiangazi alipanda juu akaziba matundu ya chumba chake na hakuna aliyesema neno, kwa sababu mpangaji harithi.

Mwaka huu tarehe 9 Aprili, tukiamkia Idi, mama alikuwa ukumbini anachagua mchele wa pilau, akainuka kwenda kufuata sinia jingine jikoni, na boriti iliyoliwa na mchwa ikaangukia kigoda alichokuwa amekalia, kigoda kikapasuka vipande viwili. Nilimpigia Uweso, akasema basi mama asikae ukumbini. Nilimpigia Sabra, akasema atachangia Uweso akianza. Yasini alicheka tu, akaniambia nikamuulize mwenye hati.

Tarehe 13 Mei, Jumatatu, nilikwenda ofisi ya kata nikamweleza bwana afya kila kitu, nikamwomba asinitaje. Nia yangu ilikuwa serikali iamrishe, ili asiwepo wa kuambiwa amejimilikisha. Daftarini siku hiyo nimeandika neno moja tu: "Nimekwenda." Bwana afya alikuja tarehe 20 nikiwa kazini, akamkuta Mzee Zebedayo barazani anashona. Jioni mzee aliniambia, "Bwana afya alikuulizia. Nikamwambia uko kazini." Kisha akaendelea kukata kitambaa.

Tarehe 27 ikabandikwa notisi mlangoni, nami niliinakili neno kwa neno: "Nyumba hii katika hali iliyopo haifai kwa makazi. Mwenye nyumba au mkazi anatakiwa kukarabati paa na choo ndani ya siku sitini kuanzia leo. Asipotekeleza, wakazi wote waondoke."

Jumamosi tarehe 1 Juni Uweso alikuja, watu wakitoka kuswali adhuhuri, akasimama barazani akasoma kwa sauti ile sentensi ya mwisho peke yake, kisha akamgeukia Mzee Zebedayo, kwa kuwa mwaka jana mzee ndiye aliyelalamika kwamba choo kinatitia.

"Mzee Zebedayo, futari yetu umekula miaka kumi na minne. Leo umetuuza kwa bwana afya?"

Mzee akavua miwani. "Mwanangu, mimi nikiwa na neno na wewe, nakwambia wewe."

"Basi nani? Bati limekwenda kata lenyewe kwa miguu yake?"

Watu wakacheka. Mzee alinitazama mara moja, nami nilikuwa mlangoni nimeshika pazia, nikaangalia chini. Tarehe 3 alipakia cherehani kwenye bajaji akahamia Pongwe kwa mkwewe, na neno aliloniachia ni kwamba nimwangalie mama, mvua hazijaisha.

Sasa Uweso amepata mtu wa kununua kiwanja, na amepanga mama apelekwe Maramba kwa Sabra, na mama anasema nyumba hii aliingia kwa ndoa na atatoka amebebwa, na kila baada ya swala ya alasiri anamwomba Mungu amvue paa yule aliyetuvua sisi paa, nami niko nyuma yake kwenye mkeka uleule, naitikia amina. Nimeitikia tangu tarehe 1 na sijakosa ila siku nisizoswali.

Mshauri, je, niseme niwakose mama na ndugu zangu, au ninyamaze nyumba iuzwe?

Mwenye Daftari,
Mabawa, 29 Juni

*

Mwenye Daftari,

Pole kwa boriti, na pole zaidi kwa hiyo amina. Sasa nisikilize, maana siku zako zimebaki chache na umekwisha kupoteza zaidi ya thelathini ukichungulia pazia.

Sikugombezi kwa kwenda kata. Tangu Yasini ang'oe mabati yake, huo ndio msumari pekee uliogongwa na mrithi katika nyumba ile. Nakugombeza kwa tarehe 1 Juni. Mzee wa watu alijua ni wewe, akameza tusi akakusitiri, na wewe ukamlipa kwa kutazama sakafu. Ndugu zako umewaandikia makosa yao kwa siku na mwezi, kosa lako umeliandika kwa neno moja. Tena kwenda kata hata si kosa. Lile la kweli hukuniambia kama umeliandika.

Rudi kwenye notisi uliyoinakili kwa mkono wako. Inasema "mwenye nyumba au mkazi". Wewe ni mkazi. Bwana afya hakuuliza nani anarithi, ameuliza nani analala chini ya paa lile. Atakayepandisha bati sasa anatii amri, na Uweso akileta usemi wake wa hati, mwonyeshe karatasi. Ulikwenda kuitafuta amri hii, umeipata, kisha ukamwachia kaka yako asome mstari mmoja tu na wewe uliyeijua yote ukanyamaza. Siku sitini zilitolewa za kukarabati. Kuuza hakumo.

Jumatatu asubuhi nenda kata na notisi. Omba uandikiwe ni boriti zipi, mabati wapi, choo kifanyweje, na uombe kwa barua kuongezewa muda kabla siku hazijaisha, usingoje ziishe. Mama asilale wala kukaa chini ya boriti mbovu hata siku moja. Umenieleza mwenyewe chumba kizima ni kipi. Halafu nenda mahakama ya mwanzo uulizie kufungua mirathi, na uende na mama. Maadamu hakuna msimamizi aliyeteuliwa, huyo mtu wa kiwanja ananunua maneno ya Uweso, na umwambie hivyo mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ninyi ndugu wote wanne mwandike na kutia saini kwamba atakayetengeneza hajaongeza fungu lake na asiyetengeneza hajapoteza lake. Wakikataa kutia saini, utakuwa umewajua.

Kuhusu Mzee Zebedayo, nenda Pongwe. Mpe shikamoo yake, umwombe radhi, usimwombe kitu kingine. Katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyeweza kupanda juu na nyundo bila kumtia mtu hofu, na ndiye mliyemtoa. Sijui kama atarudi. Mimi nisingerudi. Lakini alitukanwa barazani, asafishwe barazani, adhuhuri, watu walewale wakitoka kuswali, na kwa mdomo wako. Radhi ya kunong'ona chumbani itakusafisha wewe, yeye itamwacha na uchafu wake.

Umeniomba nikuchagulie kati ya kusema na kunyamaza. Umebadilisha majina, lakini nyumba ambayo mrithi aling'oa mabati yake akahama nayo Muheza, Mabawa ziko ngapi? Gazeti hili likifika mtaani umekwisha kusema. Kilichobaki ni kama mama atalisikia kwako au kwa muuza magazeti.

Mwambie leo, kabla ya alasiri. Atakasirika, mwache akasirike, ana haki yake. Kisha tandika mkeka, kaa nyuma yake kama kawaida, na akiirudia dua ileile, itikia amina. Safari hii atakuwa anajua anamwombea nani.