Kibao cha Shaba Mlangoni kwa Babu Lugembe

Cheyo,
Tabora.
5 Oktoba, 1958

Mpendwa Kaka Kornel,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko Korogwe, na kile kikohozi cha vumbi la mkonge kiwe kimekuachia. Wifi Benedikta hajambo? Na watoto je, wameshaanza kukusumbua kwa maswali? Sisi huku hatujambo, isipokuwa magoti ya mama, ambayo humgombeza kila anapoinuka mkekani.

Jua la mwezi huu unalijua mwenyewe. Moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda mpaka miembe ya upande wa pili wa barabara inaonekana kama imechorwa kwa majivu. Mchana hukaa barazani, mgongo umeegemea ukuta, ule ubaridi wake unanipenya taratibu, na usingizi unanichukua nusunusu. Juzi niliwaona kabisa wapagazi wakipita njia ile ya zamani ya Ujiji, wamejitwisha pembe, babu Lugembe yuko mbele na kengele yake, na miguu yote ile haitimui vumbi hata kidogo. Nilipozinduka, kumbe ni kengele ya baiskeli ya tarishi.

Usicheke. Nyumba hii tangu utoto inaniotesha, nawe ulikuwa unaniita Bibi Ndoto.

Sasa habari yenyewe. Serikali imeanza kutoa vibao vya shaba kwa nyumba za zamani zilizotunzwa vizuri. Mwezi wa nane alikuja mzungu mmoja mrefu, mpole, pamoja na karani wake Wenceslaus, kijana wa Usoke. Walipita nyumba kwa nyumba, wakipima kuta, wakigonga nguzo, wakipanda ngazi kutazama mapaa ya udongo.

Jirani yetu Saidi alipata fununu wiki moja kabla. Unajua nyumba ya babu yake ilivyokuwa, kuu kuliko yetu, na mlango ule wa nakshi. Basi Saidi kwa kutaka kuipendezesha akaisiriba saruji mbele yote, akaipaka rangi ya buluu, na ule mlango pia. Mzungu alivua kofia, akaitazama kwa muda, akavaa kofia yake akaja kwetu. Saidi sasa anatangaza kwamba sisi tumechaguliwa kwa sababu ya umaskini. Nimemwambia umaskini wetu umevishwa shaba, wake umevishwa saruji.

Mzungu alimwuliza mama siri ya kuta zetu. Mama akamjibu, “Udongo wa kichuguu na majivu. Kila mvua zikikatika tunakandika, mimi na huyu binti yangu. Siri gani tena?” Mzungu aliandika yote katika daftari lake. Hata hivyo kwenye kibao limeandikwa jina la babu peke yake, lakini hayo nimeyameza.

Taabu ilikuja walipochagua mahali pa kukipigilia. Mzungu alitaka upande wa kulia wa mlango, usawa wa macho, mpita njia asome. Akaweka kidole. Mama akainuka kwa magoti yake hayo hayo, akasimama kati ya mzungu na ukuta.

“Hapo pana mtu,” akasema.

Wenceslaus hakuelewa, ikabidi nimweleze kama bibi alivyotueleza sisi: katika nyumba yetu, anayekwenda safari ya mbali hubandika kiganja chake kwenye udongo mbichi karibu na mlango. Anaporudi hukiziba mwenyewe. Akifia njiani, mkewe ndiye anayekiziba. Babu alikwenda Bagamoyo mara sita na mara sita alirudi akaziba. Chako, kaka, kiko kushoto, na kila mwaka mama anakandika akikizunguka kwa ncha ya kidole asije akakigusa. Kulia kimebaki kimoja tu, cha baba, tangu siku ile ya mwaka 1942 alipopanda treni kwenda vitani.

Nilipomaliza, mzungu aliondoa kidole chake ukutani polepole sana. Akasema kibao kinaweza kukaa kushoto, au juu ya mlango, au popote mama apendapo, naye atarudi baada ya wiki tatu.

Katika wiki hizo tatu mama hakuzungumza habari ya kibao. Aliketi upande wa kulia, kichwa kimeegemea ukuta, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili. Nami niliogopa, kaka, nakwambia kweli. Niliogopa kwamba tumemletea mama msiba kwa ajili ya kipande cha shaba, na mara mbili nilitaka kumwandikia Wenceslaus wasije.

Siku ya Jumatatu asubuhi, nikitoka kisimani, nilimkuta amepiga magoti barazani, mbele yake pana beseni la udongo. Alikuwa amekwenda kichuguuni peke yake. Alilaza mkono wake kwenye kiganja cha baba, vidole juu ya vidole, akakaa hivyo kwa muda mrefu, mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akachota udongo akaanza kuziba, kuanzia kidole gumba. Sikumsaidia. Nilisimama na ndoo yangu kichwani, machozi yakinitoka, na yeye hakulia hata kidogo.

Mzungu alifika Alhamisi, udongo umekwisha kukauka. Akaelekea kushoto. Mama akamshika mkono wa shati akamrudisha kulia. “Hapo hapo ulipotaka,” akasema. Kibao kimepigiliwa hapo, na jua la jioni likikipiga, mwanga wake unafika mpaka barabarani.

Mama ameniagiza nikwambie jambo moja, na ndiyo maana ninaandika leo. Unajua kila Novemba, padri anapokusanya majina ya kuombea marehemu, tunapeleka jina la bibi, la babu, na la yule mdogo wetu Getruda, na mama humkataza mtu yeyote kumtaja baba. Jana amekwenda mwenyewe misioni, akamwandikisha baba, Raymundi, katika orodha ile. Aliporudi alisema, “Mwandikie mwanangu, baba yake amefariki.” Basi kaka, pole. Pole sana. Misa ni tarehe mbili Novemba. Ukipata ruhusa, njoo.

Shangazi Apolinaria wa Kigwa anakusalimu, na mjomba Masolwa pia. Nisalimie wifi na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu akutunze katika kazi yako, na awe nawe usiku utakapowaambia wanao kwamba walikuwa na babu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,
Marcelina