Zizi Lisilo na Ng'ombe

Mama Akinyi,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hatukuwahi kuwa na lugha nyingine. Wewe Mkuria wa Kehancha, mimi Mjaluo wa Macalder, tulianza hivyo na tutaendelea hivyo hata kama mmoja wetu yuko chini ya udongo. Tangu tukuzike sina mtu wa kunicheka tena. Ulikuwa ukisema, "Baba Akinyi, wewe hata kuku akikohoa unauliza ametumwa na nani." Basi ngoja nikupe habari za kuku aliyekohoa.

Unamkumbuka yule mwalimu wa michezo aliyekuja kumchukua Akinyi aende shule ya bweni Homa Bay, acheze voliboli, asilipe karo. Wewe ulimpa chai. Mimi nilimtazama viatu, vilivyong'aa kuliko mshahara wa mwalimu. Alileta sukari na majani ya chai, akasema, "Mzee, huyu mtoto ni mali." Mali ya nani? Nilikuuliza alipoondoka, ukaniambia ninywe chai yangu. Sisi wachimbaji tumeshauziwa vumbi la shaba kwa jina la dhahabu, na hakuna mtu anayekusomeshea mtoto hivi hivi.

Sasa anachezea timu ya mkoa. Akiruka, mama, kiwiko kinapita wavu. Wanasema huenda akaitwa kambi ya vijana ya taifa. Watu wa sokoni wananipa mkono, nami nacheka kwa meno tu, kwa sababu najua mchezo wa shule zinazopenda vikombe. Mchezaji mzuri akikaribia kumaliza, anarudishwa darasa ili abaki mwaka mwingine. Mtoto wa jirani yetu alikalishwa kidato cha tatu mpaka akaota ndevu. Leo ana medali ukutani na hana cheti, tunachimba naye shimo moja. Na wewe kabla hujafumba macho uliniomba kitu kimoja tu, Akinyi amalize kidato cha nne.

Kwa hiyo muhula wa mwisho habari iliponifikia kwamba mkuu wa shule ananiita, kwamba Akinyi anataka kurudia kidato cha tatu, nilisema, si nilisema? Nilivaa lile koti la mazishi yako nikaenda Homa Bay, maneno ya kumpa yule mwalimu nimeyapanga yote kichwani. Nilipopita hospitali niligeuza uso. Bado siwezi kuitazama ile veranda nilikoambiwa kwamba umeenda.

Mwalimu akaniambia, "Mzee, mimi mwenyewe nimemkataza." Sikumwamini. Mkuu wa shule, mama mpole tu, akasema msichana ameomba kwa hiari yake. Sikumwamini yeye pia. Nilijua wamempikia maneno mtoto wangu. Nikaomba nikae naye peke yetu kando ya uwanja.

Alikuja na bandeji magotini, jasho linamtiririka. Nilimuuliza ni nani amemtuma. Hakulia, hakuinamisha kichwa. Akaniuliza, "Baba, zizi ni la nini?"

Unajua ng'ombe wote tuliuza ulipougua, na miti ya zizi watu waliikata kuni wakati wa matanga. Lakini ulipokuwa hospitali uliniambia, "Usiniache nirudi nikute zizi limelala." Hukurudi. Mimi nikalijenga hivyo hivyo, maana mikono ilikataa kukaa. Nilichimbia nguzo, nikapanga miti, nikaongea na wewe peke yangu kama mwendawazimu. Tena nikaenda mnada wa Ogwedhi na ndugu yangu kuuliza bei ya ng'ombe, kuuliza tu.

Akinyi aliporudi likizo ya mwezi wa nane aliona zizi jipya, na ng'ombe hakuna, na pesa ya ng'ombe hakuna. Akasikia habari za Ogwedhi. Na wewe ndiwe uliyemsimulia jinsi ulivyotoka shule ukakuta ng'ombe wageni zizini kwa baba yako, na kwamba hukuvaa sare tena baada ya siku hiyo. Ng'ombe wale walikuwa wangu, Mama Akinyi. Mtoto alijumlisha, akadhani zizi linangoja mahari yake. Akaona kwamba akiwa shuleni na mpira mkononi, hakuna atakayethubutu kumgusa, shule yenyewe itamlinda. Akimaliza atarudi nyumbani, kwangu. Ndiyo maana alitaka kurudia, na angerudia tena na tena kama wangemruhusu.

Mimi nilikuwa namchunga mwizi kwenye viatu vya mwalimu, kumbe mtoto ananichunga mimi. Imeniuma, sikufichi. Imeniuma kuliko siku nyingi tangu uende.

Nilimwambia, "Zizi ni la mama yako." Akanitazama kwa macho ya kutoamini, macho yangu mwenyewe kabisa. Huyo ni damu yangu, hakuna ubishi.

Nikangoja shule zifungwe. Alipofika nyumbani nilimpa waya na koleo, nikamwambia afunge mlango wa zizi yeye mwenyewe. Alizungusha waya, akautingisha, akazungusha tena. Jioni alisonga ugali akaniwekea kipande kikubwa cha samaki, kile cha kichwani unachojua napenda. Shule zilipofunguliwa aliingia kidato cha nne.

Mwalimu ameahidi kwamba saa za kusoma zikifika atamwachilia kutoka uwanjani, kambi au hakuna kambi. Nimemwambia nitakuja kuangalia bila kupiga hodi. Sukari yake tulikunywa, lakini viatu bado navitazama.

Ndugu yangu anauliza kwa nini zizi tupu limefungwa kama benki. Mwache aulize. Waya ule sitaugusa mpaka Akinyi aandike mtihani wake wa mwisho na aje aufungue kwa mkono wake. Na ng'ombe wa kwanza kuingia humo nitamnunua mimi, kwa dhahabu ya shimo langu, na Akinyi ndiye atakayeshika kamba kutoka Ogwedhi, aone kwa macho yake hakuna mchumba nyuma ya ng'ombe huyo.

Lala, Mama Akinyi. Zizi limesimama, na halina ng'ombe.

Baba Akinyi