Muhogo wa Manyovu Haukupanda

Mpendwa shemeji Adela,

Ni mimi, mume wa dada yako Yustina, yule uliyekuwa unamtania kwamba baiskeli yake ina akili kuliko yeye. Barua hii naituma kwako Mwanza, na nyingine kama hii nimeibandika ukutani kwa fundi cherehani hapa Kasulu, ili waliosoma yale ya zamani wayasome na haya.

Ule ukuta unaukumbuka? Ulikuja likizo ukatuambia kwamba kule chuoni Dar, ninyi wanafunzi wa uchumi mna ubao wenu karibu na kantini. Mtu anaandika swali lake, anabandika, wenzake wanamjibu chini yake, wanabishana mpaka karatasi inajaa. Ukasema, "Na hapa uchumi upo, kinachokosekana ni ubao." Fundi akakupa ukuta wa pembeni kwa sharti kwamba usimzibie dirisha.

Swali lako la kwanza liliuliza kwa nini mafundi cherehani wote wamejipanga mstari mmoja wakati wateja wanaowagombania ni wale wale. Fundi akanuna siku nzima, alidhani unamhamisha. Halafu likaja la chumvi: inatoka Uvinza hapo tu, mbona ikifika Kibondo bei yake kama imetoka ng'ambo? Watu walisimama kusoma na mizigo kichwani. Wasiojua kusoma walisomewa, na wao ndio walikuwa wabishi kuliko wote. Mwalimu wa Kitahana, yule mrefu aliyeletwa na serikali kutoka Moshi, akaanza kubandika za kwake Kibondo, mkawa mnabadilishana karatasi kwa madereva wa malori. Wenzako wa chuoni nao wakatuma zao kwa treni. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nilianza kuendesha baiskeli huku najiuliza mambo. Nilikuwa sijui kama kujiuliza kuna utamu.

Ndipo ukaleta swali la muhogo.

Uliona kitu ambacho sisi tulikipita kila mwezi. Wiki ya mgao kambini kwa wakimbizi, chakula kimejaa, mahindi ya njano yanauzwa kila kona, lakini unga wa muhogo ndio kwanza unapanda bei hapa Kasulu. Uliandika kwamba ndugu zetu Warundi kwao ugali ni wa muhogo. Wakigawiwa mahindi wanayauza, na hela yote inakimbilia kwenye muhogo. Mwalimu akajibu kutoka Kitahana kwamba hapana, wiki hiyo malori yote yanakodiwa kubeba mgao, kwa hiyo muhogo wa vijijini unakosa gari.

Nakumbuka ulivyoisoma ile karatasi yake. Hukukasirika. Ulikaa na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa, halafu ukaniita.

"Shemeji, Manyovu hakuna kambi, si ndiyo?"

"Hakuna. Kuna mpaka na wabadili fedha."

"Na malori wanategemea haya haya ya kwetu?"

"Haya haya."

"Basi kama mwalimu yuko sahihi, wiki ya mgao hata Manyovu muhogo utapanda. Kama mimi niko sahihi, hautapanda. Wewe si unakwenda huko na mawese yako? Niulizie."

Nikakucheka. "Serikali inakusomesha Dar uje uulize bei ya muhogo?"

"Wewe niulizie tu, shemeji. Mengine niachie."

Sasa sikiliza, Adela. Sikwenda Manyovu. Nilipitia kwanza Titye kwa rafiki yangu mmoja, mvua ikatukuta, na yeye alikuwa ameivisha pombe ya ndizi. Nilikaa kwake mpaka mtungi ukaisha, mawese nikayauza pale pale Titye. Nilipofika nyumbani ulikuja kunipokea mlangoni, hata baiskeli sijaiegesha.

"Enhe, Manyovu vipi?"

"Umepanda," nikasema.

Nimejiuliza sana kwa nini nilisema hivyo, kwa sababu sikuwa na kisa na wewe. Nadhani ni mazoea ya biashara. Sisi wachuuzi ukituuliza bei ya kitu chochote tunasema imepanda. Baba yangu alisema hivyo, na rafiki yangu wa Titye anasema hivyo mpaka leo. Hakuna mchuuzi aliyewahi kukosana na mtu kwa kusema imepanda. Nililitoa lile neno kama mtu anavyoitikia salamu. Sikujua kwamba kwako wewe lilikuwa jibu la mtihani.

Kesho yake ulibandika karatasi fupi kwamba mwalimu yuko sahihi na wewe umekosea, na nyingine kama hiyo ukawatumia wenzako wa chuoni. Watu pale ukutani walikupigia makofi kwa kukubali kushindwa. Mimi nilikuwepo. Nilipiga na mimi.

Siku ya kuondoka nilikufungia begi juu ya basi. Ulisema taratibu, kama unaongea na begi, "Shemeji, mimi nina kichwa cha kuuliza, sina cha kujibu." Baadaye tukasikia umeuacha uchumi, umeomba masomo mengine huko Mwanza. Hukuandika tena, si ukutani wala kwenye ule ubao wa Dar. Yustina alikuwa ananiuliza, "Hivi mdogo wangu kapatwa na nini?" Namwambia, masomo ni magumu.

Mwaka huu swali lako lilinishika. Nilikuwa nafunga mzigo wiki ya mgao, nikasikia mtu anagombana na muuza muhogo, nikawaza: na Manyovu je? Nikaenda. Nikamkuta mama mmoja na unga wake kwenye mkeka.

"Amahoro, mama. Wiki ya mgao muhogo unapanda hapa?"

"Mgao upi?"

"Wa kambini."

Akamgeukia mwenzake. "Huyu kaja na baiskeli kutafuta kambi sokoni." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Baba, sisi hapa nani anatugawia? Bei ni ile ile ya wiki jana. Kama hununui, toa tairi kwenye mkeka wangu."

Nikauliza wengine, nikauliza na bei za miaka ya nyuma. Jibu likawa lile lile. Nikarudi tena wiki nyingine ya mgao, nikakuta vilevile.

Nilimfuata mwalimu Kitahana, nikamweleza yote. Alivua miwani. "Kwa hiyo nilishinda kwa uongo wako," akasema. "Mwandikie upesi." Nilipomweleza Yustina, yeye alimaliza kwanza kuosha vyombo. Halafu akasema, "Usiniombe msamaha mimi. Si mimi niliyeacha uchumi."

Hukukosea, Adela. Ulifikiri sawasawa tangu mwanzo mpaka mwisho, ukaja kuangushwa na neno langu moja. Siwezi kukurudishia chuo, wala sijui kama unaweza kunisamehe. Lakini lile ulilosema pale kwenye basi lifute, maana halikuwa kweli.

Na kuna kitu kinanisumbua. Yule mama wa mkeka aliniambia muhogo haupandi, ila dagaa wanapanda, kila wiki ya mgao, pale pale Manyovu pasipo na kambi. Nimeuliza wauzaji, nimeuliza madereva, kila mtu ana lake. Mwalimu ameshaanza na malori yake. Mimi naona hapana, lakini sijui niseme nini badala yake.

Wewe unaonaje?

Ni mimi shemeji yako,
mume wa Yustina, Kasulu