Fundi, Mkoromo Nimeurudisha

Fundi Athumani,

Sikuulizi hali. Wewe ndiye ulipaswa kuniuliza mimi, na jibu langu ni kwamba umenichosha. Ukiwa hai ulinibebesha maredio ya watu kutoka Buguruni mpaka kwako Mtoni, jua la mchana, bega likiwaka. Sasa umelala kwenye mchanga, na bado mgongo unaofanya kazi zako ni huu wangu.

Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumgombeza. Mkeo amekaa eda, siwezi kumpelekea hasira zangu. Kaka yako Mzee Rajabu nikimwambia neno anasema, "Kigoma, muogope Mungu, marehemu hasemwi." Sawa. Basi sikusemi. Nakuambia mwenyewe.

Siku tuliyokuzika, wanaume tulikwenda makaburini, wanawake wakabaki kutandika mikeka. Unajua nyumba ya msiba, lazima chumba kikubwa kitolewe vitu watu wapate pa kukaa. Na chumba kikubwa cha nyumba yako, Fundi, ulikuwa umekigeuza karakana. Wakavitoa vyote. Amplifaya zilizo wazi matumbo, deki za kaseti, mashine za santuri, spika zisizo na nyuso. Wakavipanga uani kwa adabu kabisa, kila kifuniko wakakiweka juu ya chochote kinachokaribia kukienea. Halafu, kwa kuwa vilikuwa na vumbi na wageni wanakuja, wakaleta vitambaa vya maji wakavipangusa.

Wakafuta chaki.

Mara ngapi nilikuambia? Ulikuwa unaandika jina la mwenye mali kwa chaki ubavuni, basi. Nikikuambia ugundishe karatasi unacheka. "Karatasi inapeperuka, Kigoma. Chaki inakwenda wapi?" Imekwenda, Fundi. Imekwenda na maji ya ndoo moja, na walioifuta walikuwa wanakulilia.

Sisi huko makaburini hatujui hili. Mzee Rajabu akasimama akasema yale yanayosemwa, kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, na aliyekosewa amsamehe. Nilitegemea watu waitike kama kawaida, tumemsamehe, tumemsamehe, tuondoke. Mkono ukainuka. "Mie anayo amplifaya yangu." Mwingine, "Na deki yangu ya kaseti." Nyuma kabisa mtu anauliza kama mashine ya santuri ya mjomba wake ilishapona. Kaka yako akanitazama mimi. Mimi nikatazama mchanga.

Wengi tulimalizana nao, sikudanganyi. Bi Sakina, yule mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliijua redio yake kwa alama ya moto juu ya mbao, maana alikuwa anawekaga chetezo cha udi hapohapo. Alipoiwasha akasema, "Fundi alikuwa mtu," akaomba abebewe mpaka kwenye bajaji. Nani akabeba? Mimi. Mama yangu alipiga simu kutoka Kasulu akauliza narudi lini kulima. Nikamwambia nasubiri arobaini ya mtu. Akauliza, "Ni nani wako?" Fundi, nilihesabu. Si ndugu yangu, si tajiri yangu, si mtani wa kabila langu. Nikamwambia ni mtu aliyekuwa ananiwekea kikombe cha chai juu ya transfoma ili kisipoe. Mama akasema Dar imeniharibu kichwa.

Sasa nikuambie kuhusu Bwana Mlaki.

Unamkumbuka, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi Buguruni, ambaye asubuhi nyingi ndiye anayenipa saruji ya kushusha. Redio ya kabati, ya baba yake, ile yenye sehemu ya santuri juu. Mimi ndiye niliyeitoa dukani kwake, ina kona moja ya bati iliyonichana bega, kovu ninalo mpaka leo. Alikuja Jumapili akitokea kanisani, shati limenyooshwa. Nikamwashia. Fundi, sauti ilitoka kama maji ya mtungini, safi, hata pumzi ya mwimbaji unaisikia. Nikajisikia fahari kama kazi ni yangu. Bwana Mlaki akasikiliza, mikono nyuma. Akasema, "Hii si yangu."

Nikamwambia ni yako, nimeibeba mwenyewe.

"Umebeba mangapi wewe? Yangu ilikuwa inakoroma."

"Fundi ameutoa mkoromo."

"Nani alimtuma? Mie nilimletea iliyokufa, nikamwambia aifufue. Sikumwambia aniletee mtu mwingine."

Nikamvulia shati nimwonyeshe kovu na kona ya bati. Akasema bega si risiti. Mzee Rajabu akajaribu kumtuliza, ndipo Bwana Mlaki akapandisha sauti. Akasema baba yake akiwasha redio ile kabla ya taarifa ya habari ilikuwa inakoroma kwanza, na mzee ananyoosha kidole, "Subirini, anasafisha koo," na watoto wote kimya. Akasema hiyo ndiyo redio anayoijua, na kwamba wewe umeiuza na kumwekea ya mtu mwingine. Halafu akasema, amesimama katikati ya uani, kwa sauti ya kuuzia mabati, "Simsamehe."

Pazia la chumba cha mkeo lilikuwa linatikisika. Alisikia.

Alipoondoka, Bi Mwajuma akaniita nisimame nje ya pazia. "Kigoma, mume wangu hakuwa mwizi."

"Najua, Bi Mwajuma."

"Kujua kwako kunamsaidia nini? Anayetakiwa kusamehe ni yule."

Kaka yako naye akaja na la kwake. Kwamba hawezi kusimama kwenye hitima mbele za watu akasema huna haki ya mtu, wakati mmoja amekataa. Kwa hiyo vyote vilivyobaki vipelekwe kwenye chuma chakavu, vipimwe, kisha Bwana Mlaki anunuliwe redio nyingine. Redio nyingine. Nilitaka kumtukana, nikakumbuka ni mzee, nikasema shikamoo nikaenda kukaa kwenye ngazi.

Hapo ndipo nilipokukasirikia kweli. Mtu anakuletea kitu kilichokufa, anataka kiseme tu. Wewe huwezi. Mpaka ukitoe uchafu wa miaka yote, mpaka kiimbe kama siku kilipotoka kiwandani. "Kazi nusu haramu," ndivyo ulivyokuwa unasema, na mimi nimeshika tochi, mbu wananila. Kumbe kazi nzima nayo ina dhambi yake. Ulitengeneza vizuri mpaka mwenye mali akakiona kitu chake kama mgeni.

Nikalikumbuka kopo lako la maziwa. Wewe hukutupa kitu, hata vilivyooza. Zile kapasita zilizovimba ulizozitoa, vile vidude vya kutunza umeme, ulikuwa unaziita maiti, unazitia humo. Ya Bwana Mlaki naijua, nene kama kidole gumba, ina mafuta ya kahawia yanayotoka chini, kwa sababu ulinipa niishike ukaniambia, "Huyu ndiye aliyekuwa anakoroma." Nikalimwaga kopo sakafuni, nikaipata.

Usigeuke huko kaburini, nisikilize kwanza.

Nilichomoa waya, nikangoja, maana ulinifundisha kwamba hata ukichomoa waya, umeme bado una kinyongo, uache ulale. Nikawasha chuma chako cha kuchomelea. Nikaitoa ile kapasita mpya uliyoifunga kwa mikono yako, lehemu yako ndogo, inang'aa kama punje ya mtama. Nikairudisha maiti. Lehemu yangu imekaa kama ugali uliotemwa. Ile ndiyo redio ya mwisho uliyoifunga, na mimi naiharibu.

Nikaiacha iwake mchana kutwa uani, kila mara naishika kuona kama inachemka. Haikuchemka. Ilikoroma tu. Sauti mbaya, Fundi, kama trekta la mbali. Nilisikia kabisa unavyofyonza meno nyuma yangu, nikageuka, hakuna mtu.

Asubuhi nikaikodia mkokoteni mpaka Buguruni. Dukani palikuwa na wateja, mafundi wananunua misumari. Sikutaka kumdanganya, nikamwambia wazi, "Bwana Mlaki, hiki kitu Fundi alikiponya. Mimi nimekirudishia ugonjwa wake. Washa mwenyewe." Akanitazama kama nimelewa. Akachomeka waya, akazungusha kitufe.

Kimya. Halafu ule mkoromo ukapanda taratibu kutoka chini, mpaka kopo la misumari juu ya kaunta likaanza kutetemeka. Mteja mmoja akauliza, "Braza, hiyo mbovu?" Bwana Mlaki akanyoosha kidole. Akasema, "Subirini." Na watu wazima wale, Fundi, wakanyamaza, hawajui wanasubiri nini. Kisha redio ikasema.

Alikaa juu ya mfuko wa saruji, na shati lake jeupe. Akasema, "Ndiyo hii." Halafu, "Mwambie mkewe nimemsamehe marehemu."

Nikakataa. Nikamwambia, wewe ndiye uliyesema pale uani, sema tena mwenyewe. Akampigia Mzee Rajabu, akaomba simu ipelekwe penye pazia, akasema kwa sauti ileile ya kuuzia mabati kwamba marehemu hakuchukua kitu chake na yeye amemsamehe duniani na akhera. Akakata simu. Akanigeukia, "Kesho kuna gari la saruji, uwahi."

Ndiyo malipo yangu, Fundi. Saruji.

Arobaini imesomwa. Kaka yako alisimama akasema huna haki ya mtu, na hakuna aliyeinua mkono. Bi Mwajuma amekataa vilivyobaki visiende kwenye mizani ya chuma chakavu, vimerudi chumbani. Hakuna wa kuvifunga. Usinitazame mimi, nimeishia darasa la tano na lehemu yangu umeshaisikia ilivyo.

Sasa pumzika, nami niachie nipumzike. Umesamehewa kwa kazi mbaya, si kwa nzuri, na hilo linaniudhi mpaka naandika haya. Kapasita yako mpya ninayo, nimeifunga kwenye kitambaa. Ile maiti haitadumu, wewe mwenyewe ulisema zikishavimba hufa ghafla. Siku itakapokufa, Bwana Mlaki ataniita tena, na nakuahidi nitaibeba redio hiyo mpaka Mtoni, nitaweka yako, na nitamrudishia ikiimba kama ulivyoiacha. Akikataa kunisamehe, shauri yake. Mimi bado niko hai, naweza kugombana naye.

Mbebaji wako,
Kigoma