Kigoda cha Yaya Donatien

Mikelenge, Kindu
Tarehe 14 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Kabeya,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Lubumbashi? Mkeo Misenga naye, kifua kimepoa? Huku miili ni mizima, namshukuru Mungu. Ila moyo wangu umeumia, ndiyo maana naandika. Ningekupigia simu ningelia tu, na yuniti zingeisha bure.

Tulirudi salama kutoka Kibombo. Mimi, shemeji yako Alain na Mama tulipumzika kwa Shangazi Sifa, tukala mchele mpya mpaka Alain akawa analegeza mshipi mezani. Mama alitembea kutushinda. Kila nilipoinua simu nimpige picha, alisema, "Ngoja kwanza," akaenda kuleta kigoda, akakiweka kando yake kitupu. Unamjua, hata mezani, kila Jumapili na siku ya Noeli, huweka kiti hivyo. Ni nafasi ya kaka yetu mkubwa, yaya Donatien.

Nyumbani nikakaa kuzipanga zile picha, maana zilikuwa hazihesabiki. Za giza nikaziangaza, zenye kidole changu nikazifuta, za mbuzi wa Shangazi nikabakiza mbili. Nilikuwa nacheka peke yangu, halafu wazo likanichoma: mbuzi wa watu ana picha, yaya wetu hana hata moja.

Wewe ulikuwa mtoto mdogo, labda hukumbuki. Mwaka 1998, vita vilipokaribia Kindu, Papa wetu alichoma albamu nzima ya familia uani, kwa sababu Donatien alikuwamo amevaa sare ya skauti. Aliogopa kwamba askari akiifungua hatauliza sare ni ya nini. Muda si mrefu wenye bunduki wakamchukua Donatien awabebee mizigo, wakashika njia ya Kibombo. Hajarudi hadi leo. Papa alikufa bado anautaja ule moto.

Basi nikampelekea Daddy, mpiga picha wa karibu na soko, ile nzuri kupita zote: Mama mbele ya mpunga ulioanikwa, na kigoda chake. Daddy akaivuta kwenye kompyuta, akaniuliza, "Yaya, hii kiti ya bure nikate, ao niweke muntu?"

Kabeya, watu wote husema wewe na Donatien ni sura moja. Nikampa picha yako ya Mwaka Mpya. Akakukalisha pale vizuri kabisa, hata kivuli akakutengenezea. Nikaona kazi imekwisha. Simu ilikuwa imejaa, nikazifuta zile za kwanza zote. Picha nikaitia fremu, nikampa Mama Jumapili tulipotoka misa.

Aliitazama sana. Nilikuwa nangoja atabasamu. Akauliza, "Kabeya alikuya Kibombo siku gani?"

Nikamweleza. Akafuta kioo kwa ncha ya kitenge chake, akanirudishia. "Iko muzuri, Emerance. Lakini sasa Donatien atakaa wapi?"

Jumapili iliyofuata Mama alikula nasi na hakuweka kiti. Miaka yote hii, hata siku za kula majani ya sombe bila chumvi, hakuwahi kukosa kukiweka. Alain aliinuka akakileta mwenyewe. Mama akamwambia akirudishe. Najiona kama ni mimi niliyemzika mtoto wake, na machozi hayanikauki.

Daddy naye hakuhifadhi ile ya awali, kwa hiyo nakuomba jambo moja. Tulipokuwa Kibombo nilikutumia picha chache kwa WhatsApp, kabla sijazigusa. Imo ile ya Mama na kigoda kitupu. Itafute, tafadhali. Usiikate, usiiangaze, hata kama mkono wangu umetokea pembeni. Itoe kwenye karatasi nzuri, umpe Francine, huyo aliyekuletea barua hii. Atarudi Kindu mwisho wa mwezi. Kama nawe uliifuta, niambie ukweli tu. Sitakulaumu.

Shangazi Sifa anakusalimu, Alain pia, na anauliza kama wewe bado ni mnene. Mbusu Misenga kwa ajili yetu. Mungu awafunike, awarudishe siku moja mtuone kwa macho.

Mama naye anakusalimu. Nimemwambia nakuandikia, akanipa maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Ambia Kabeya asikasirike. Ainuke tu kwenye ile kiti. Yaya yake iko njiani."

Dada yako akupendaye sana,
Emerance