Pampu Inayozima Saa Nne

Jumatano, 5 Februari
Saa nne tena, pampu imezima. Jua kali hadi kuku wamejificha. Asubuhi ilivuta maji vizuri, saa tisa itaamka yenyewe kama mlevi. Nimeshinda bondeni kisimani nikiifungua. Niliachia shule kidato cha pili, lakini fundi wa kunishinda Nyamira hii hajazaliwa. Haina ubaya. Paneli ya sola nayo ni mpya, iko kule juu mlimani nyuma ya jiko la nyanya mzaa baba, tuliiweka chini, si kwa paa, karibu na nyumba wezi wasiibebe. Kabichi zimelala.

Alhamisi, 6 Februari
Kaka yangu Onchari amepiga simu kutoka Kisii mjini. Ana diploma na viatu vya kuchongoka. Ati betri imekufa. Betri gani? Hii inakula jua moja kwa moja. Diploma ukutani, kichwani pumba.

Ijumaa, 7 Februari
Mzee, baba yetu, amechoka. Jumatatu mtu wa Keumbu anakuja kuangalia solar ainunue. Ikiuzwa, nitarudi kupandisha maji mlimani kwa mitungi, na punda ni mimi. Miaka miwili nimeifanya hiyo kazi. Sirudi. Na huyo mzee anayeniita mjinga bado anapiga redio makofi ndiyo iseme.
Nimefungua pampu mara ya tatu. Nimejikata kidole.

Jumamosi, 8 Februari
Sabato. Onchari kaja kanisani na tai, anawaeleza wazee kwamba shida ni waya. Juzi betri, leo waya.
Tumerudi saa nane, tangi linamwagika. Hakuna aliyegusa kitu. Onchari akanigeukia:
"Momanyi, pampu yako imeokoka! Inafanya kazi Sabato tu."
Wote wakacheka. Nimemchukia. Lakini kuna kitu cha siku zingine ambacho leo hakikuwepo.

Jumapili, 9 Februari
Sikushuka bondeni. Nimejificha kwa migomba, macho kwa paneli. Saa nne nyanya akatoka na gunia. Akalitandaza juu ya paneli, akamwaga wimbi yake, ule ulezi wa kusaga, bado na maji ya kuoshwa. Akaisawazisha na kiganja, polepole. Kwenye tangi maji yakakatika.
Kila siku anakausha kidogo hapo juu, isiingie mchanga wa chini, na saa tisa anaanua. Sabato hafanyi kazi.
Na mimi nimefungua pampu mara tatu. Fundi wa Nyamira. Takataka.

Jumatatu, 10 Februari
Nimemtengenezea nyanya meza ya mabati kando ya jiko. Akaishika, akasema ile yenu ina joto zuri zaidi. Lakini amehama.
Mtu wa Keumbu alifika saa sita, maji yanapiga kelele kwenye tangi. Mzee akampa chai, mgeni akaenda zake mikono mitupu.
Onchari amepiga simu, ilikuwa nini? Akijua, atamcheka nyanya mpaka Krismasi. Nikasema waya.
"Si nilikuambia!"
Uliniambia, nikajibu.
Jioni nyanya ameniletea ugali wa wimbi. Nimemaliza wote. Hauna mchanga hata kidogo.